Kibuyu cha Idi cha Shangazi Somoe

Enzi zetu sie, mtu haulizwi anataka zawadi gani ya sikukuu. Ukimuuliza mtu hivyo atadhani unamtania, au humfahamu. Zawadi unampa unayemjua, sasa kama unamjua unamuuliza nini? Wajukuu zangu wanapiga simu siku hizi, "Bibi, Idi hii bajeti yetu ndogo, tukuchagulie nini?" Nabaki nacheka. Mwaka jana mmoja kanitumia picha ya keki kwenye simu. Keki nzuri, ina maua, imeandikwa jina langu. Nikamwambia mume wangu, haya, tuikate na kisu gani?

Wenzangu mliokulia kule juu Mnyambe mtanielewa. Sikukuu ilikuwa inanukia kabla haijafika. Kwanza ilinukia kitambaa. Baba alikuwa ananunua jora moja kwa Mhindi Newala, fundi anakaa na cherehani barazani, tunashonewa wote nguo ya rangi moja, mpaka mtoto wa jirani. Tukipita njiani utasema skuli imefunguliwa. Halafu inanukia mchele. Wali ulikuwa wa Idi, siku nyingine ni ugali wa muhogo na kisamvu, na ming'oko, ile mizizi ya porini, mvua ikichelewa. Sie watoto tulikuwa tunakatiza rede katikati ya mchezo, tunakwenda kuchungulia gunia la mchele kama bado lipo. Leo mjukuu unampa wali anakwambia, "Tena wali?" Mungu amsamehe.

Na zawadi zilikuwepo, msifikiri hazikuwepo. Mama yangu alikuwa bingwa. Alikuwa haanzii dukani. Alianza kwa mtu. Anakaa jikoni anawaza kwa sauti: "Yule mjane wa bondeni mgongo unamuuma. Mpelekeeni kuni." Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa hana meno, akapelekewa korosho zilizotwangwa na sukari, alambe tu. Mama Anjela, jirani yetu Mkristo, Idi tunampelekea pilau, na yeye Krismasi anatuletea vitumbua, na akijua hatuli kitu fulani anakuja kuapa mlangoni, "Mama Esha, sufuria hii haijawahi kuona nguruwe!" Esha ndiye mimi.

Lakini zawadi kubwa kuliko zote, iliyokuwa juu ya kitenge na juu ya jogoo, ilikuwa maji.

Nyinyi wa bomba mnacheka. Uwanda wetu ule una korosho, una upepo mzuri, una kila kitu, maji hauna. Maji yako chini bondeni. Unaamka alfajiri, unashuka poromoko na mtungi, njia nyembamba kama utepe, unapanga foleni kwenye chemchemi, unapanda jua likiwa kichwani. Juu ya maji unatandika majani yasimwagike. Nyumbani tuliogeshwa kwenye beseni moja, wadogo kwanza, na maji yakishakuwa meusi yanapelekwa kwa mpapai. Kwa hiyo ukitaka kumheshimu mtu siku ya Idi, unampelekea maji ya kuogea, yake peke yake. Mtu akiletewa maji anashika kifua.

Sasa niwaambie ya Shangazi Somoe.

Shangazi Somoe ni dada yake baba, mtoto wa pekee wa kike wa bibi yangu. Aliolewa Masasi, mitaa ya Mkomaindo. Babu alipofariki, baba alimtuma dereva wa lori ampelekee shangazi habari. Lori likaharibika njiani. Shangazi akaja kukuta udongo umeshakauka juu ya kaburi. Alisimama uani akasema, "Mmenizikia baba yangu kama mtu asiye na binti." Akageuka na mzigo wake. Hakunywa hata maji. Tangu hapo hakuja tena, na baba naye kichwa kigumu, anasema, "Mimi nilituma habari. Niombe msamaha wa gari kuharibika?"

Aliyekuwa anaumia ni bibi. Kila lori likipita anainua shingo. Miguu ilikuwa imeanza kumsaliti, na alikuwa ananiambia wakati namsuka, "Mke mwenzangu, mimi naogopa kitu kimoja. Na mimi nisije nikazikwa Somoe yuko njiani."

Idi ikakaribia, bibi akamwambia mama, "Safari hii nenda wewe. Wanaume hawa wana midomo mizito. Mpelekee wifi yako zawadi."

Mama akasema, "Zawadi gani, mama? Mwaka huu korosho zimepukutika maua. Nitampelekea nini mtu wa mjini?"

Bibi akajibu, "Zawadi nitaitafuta mimi."

Kesho yake tukaamka bibi hayupo. Tumetafuta kwa majirani, tumetafuta shambani. Jua linazama ndiyo tunamwona anachomoza kwenye njia ya bondeni, kata kichwani, kibuyu juu ya kata, fimbo mkononi, anapiga hatua moja anapumzika, anapiga nyingine anapumzika. Baba akamkimbilia ampokee. Bibi akamkemea, "Usiguse! Hii siyo yako."

Kile kibuyu alikuwa amekifukiza moshi wa kuni mwenyewe, kama alivyokuwa anafukiza siku zote, ili maji yasichache. Akakiziba kwa majani, akamkabidhi mama. "Mwambie Somoe aoge Idi."

Na sie wote, mama, baba, majirani, tukaona hiyo ndiyo zawadi! Hakuna aliyefikiria lingine. Mama Anjela mwenyewe alisema, "Hapo hata mwenye moyo wa jiwe atalainika."

Tukapanda lori la korosho, mama na mimi, kibuyu kwenye mapaja ya mama kama mtoto mchanga. Lori likiruka, mama anaruka nacho, hakigusi chini. Tumefika Mkomaindo mchana wa kuamkia Idi, tumeelekezwa nyumba, tunakaribia, ndipo nikaona kitu ambacho sijakiona maishani. Bomba la mtaa, wanawake wanafua, maji yanatiririka yanakwenda zake mtaroni, na hakuna anayejali!

Nikapiga ukelele. "Mama! Maji yanamwagika! Yanamwagika!" Nikakimbia nikatega viganja. Wale wanawake wakashika mbavu. Mmoja akauliza, "Huyu mtoto katokea wapi?" Mwingine akamjibu, "Wa juu huyo, hujamwona? Kwao wananawa kwa umande."

Nikamgeukia mama. Mama kasimama, kibuyu kichwani, kama kaona nyoka. Hapo ndipo alipoelewa amebeba nini kuleta wapi. Akaninong'oneza, "Esha mwanangu, tumeaibika. Tukifiche hiki kwenye majani, tuseme tumekuja mikono mitupu."

Tumechelewa. Binti mkubwa wa shangazi ametuona, anaita ndani, "Mama! Wageni! Wana kibuyu, nadhani wameleta uraka!"

Uraka ni pombe ya mabibo, na kesho Idi! Shangazi akatoka na mwiko mkononi. Hakutabasamu. Mama akapiga goti, mimi nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kwa pua.

"Wifi," akasema, "miaka yote hii hukanyagi kwangu, unakuja kuniletea pombe mkesha wa Idi?"

"Siyo uraka, wifi."

"Ni nini?"

"Ni maji."

Pale bombani kicheko kikalipuka mpaka mtu akakaa chini. "Kaleta maji Mkomaindo! Mama Rashidi, wifi yako kakuletea maji!" Shangazi akasimama tu. Namkumbuka mama anavyokunja ncha ya kanga, anaikunjua, anaikunja.

"Maji ya nini?"

"Ya kuogea Idi. Ametuma mama."

"Kayateka nani?"

"Mwenyewe."

Wale wa bombani bado wanacheka. Shangazi akanyoosha mwiko bila kuwaangalia, wakanyamaza. Akapokea kibuyu, akatoa majani, akanusa. Ule moshi ulitoka mpaka nilipo mimi. Moshi wa jiko la bibi, hapo katikati ya Mkomaindo. Akamimina kidogo kiganjani, akanywa, akafumba macho. Akasema kwa lugha ya kwetu, taratibu, "Medi." Maji. Neno hilo tu.

Halafu, jamani, akalipuka! "Nyie mna akili? Mnamwacha mama anashuka poromoko na magoti yale? Kaka yangu kalala? Wewe wifi ulikuwa wapi? Angeteleza je?" Kelele tupu, machozi yanamtoka, mwiko unapepea. Mama kainamisha kichwa anaitikia, "Ndiyo wifi. Kweli wifi." Nilidhani anapigwa. Mama aliniambia baadaye, "Sijawahi kugombezwa vitamu namna ile. Mtu akikugombeza kwa ajili ya mama yake, ujue karudi nyumbani."

Tukala Idi pale, wali mpaka nikalala na mkono kwenye sahani. Shangazi aliogea maji yale, na bomba liko nje. Lakini kuhusu kuja kwetu hakusema lolote. Siku ya kuondoka mama akamuuliza, "Wifi, kibuyu nakirudisha?"

Mnajua desturi. Chombo hakirudi kitupu. Mtu akikuletea kitu kwenye chombo chake, unatia chako ndipo unarudisha, hata chumvi. Ukirudisha kitupu, umekata undugu.

Shangazi akasema, "Kibuyu kiache. Sina cha kutia."

Mama alilia njia nzima juu ya lori. Kwake yeye ile ilikuwa ndiyo hapana. Tumefika, baba akauliza kwa macho tu, mama akatikisa kichwa. Bibi kaketi na ungo wake anapepeta, akauliza, "Kibuyu kiko wapi?"

"Kakizuia, mama. Anasema hana cha kutia."

Bibi akaweka ungo chini, akacheka mpaka akakohoa. "Kakizuia? Basi pikeni. Mtu akiwa hataki, anarudisha chombo siku hiyo hiyo."

Tukangoja. Malori yakapita, bibi sasa hainui shingo, anaimba. Baba akasema mama kazeeka, anajidanganya. Ikafika Idi ya kuchinja. Asubuhi lori likasimama barabarani, watoto tukakimbia, dereva akatuambia, "Shangazi yenu nimemshusha, hamjamwona?" Tukatazama kushoto, kulia, hakuna mtu. Tukarudi nyumbani tunamwambia bibi, labda dereva anatania. Bibi akaendelea kumenya karanga zake, ila punje anatupa, maganda anatia koponi.

Jua likapanda, nyama ikaiva, mtu hayupo. Ndipo Mama Anjela akapiga kigelegele kutoka kwenye kona ya njia ya bondeni.

Shangazi Somoe huyo anapanda. Kanga ya mjini imelowa mpaka kiunoni, viatu vya mjini kavishika mkononi, miguu vumbi tupu, kibuyu kichwani. Hakupitia nyumbani. Aliposhuka kwenye lori alikwenda moja kwa moja chemchemini, akapanga foleni kama msichana, akateka, akapanda. Akaja mpaka mbele ya bibi, akapiga magoti na kibuyu kichwani bila tone kumwagika.

"Shikamoo mama. Chombo chako hakirudi kitupu."

Bibi akamtazama. Akasema, "Marahaba. Umechelewa, nina kiu."

Baba, yule mwenye kichwa kigumu, alikwenda nyuma ya nyumba kujidai anaangalia mbuzi. Na shangazi akamwogesha bibi yangu kwa mikono yake, maji yale, mlango umefungwa, tunasikia tu wanavyocheka ndani.

Basi, wenzangu, dunia imetengenezeka. Siku hizi bomba liko uani kwangu. Nafungua, yanakuja yenyewe, masafi, sijamshukuru mtu na hakuna mtu aliyechoka. Sitaki kurudi kwenye poromoko, Mungu aepushe, magoti yangu ni yale yale ya bibi. Lakini nikinywa huwa naonja, natafuta moshi, sioni.

Mjukuu wangu Zai yuko Dar. Idi iliyopita kanipigia, "Bibi, sema chochote, kidogo, kikubwa, nikutumie." Kama nilivyowaambia, wanauliza. Nikamjibu, "Niletee maji." Akacheka, "Bibi jamani, si una bomba?" Nikasema, "Ninalo."

Basi likaja, kondakta akashusha katoni ya maji ya chupa, anauliza kama Newala kuna ukame. Mtoto ametii, maskini. Kanunua yale ya bei, yenye picha ya mlima. Nimecheka mpaka nikalia, na nimeyanywa yote, sikumwagia mpapai hata tone. Yeye hakuja.

Chupa sikuzitupa. Nimezijaza korosho, nyingine karanga, nimezipanga juu ya kabati zimefungwa vizuri. Kondakta kila akipita ananiuliza, "Bibi, leo hakuna mzigo wa Dar?" Namwambia mzigo upo, ila hausafiri. Zai nimempigia nimemwambia, kwa maneno ya Shangazi Somoe, vyombo vyake viko huku, mimi sina cha kutia. Akasema, "Bibi, hizo chupa tupa tu." Nikamwambia haya, mama, nitatupa.

Bado ziko juu ya kabati. Kila basi likipiga honi, na mimi nainua shingo.