Miadi ya Bosi

Pale kliniki walimwita Mama Mafaili, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Ufalme wake ulikuwa chumba cha nyuma chenye rafu hadi darini. Mgonjwa alikuwa hajamaliza kutaja jina la babu yake, Mama Mafaili ameshakwenda na kurudi na faili mkononi. "Haya, kaa pale, daktari anakuja. Na hicho kikohozi kizibe kwa mkono, usitugawie wote." Watu walicheka, hata waliokuja na homa.

Chumba kile kilikuwa na utaratibu wake, aliouanzisha mwenyewe. Mgonjwa akifariki, faili lake halikutupwa wala kuhamishwa. Liligeuzwa tu, upande wenye jina ukaelekea ukutani. Kila alipogeuza moja alisimama kidogo mbele ya rafu, kisha akarudi kazini.

Faili moja lilipaswa kugeuzwa na halikugeuzwa. Lilikuwa la binti yake. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ilimchukua akiwa darasa la sita, mtoto mwenye amri nyingi mpaka baba yake akambandika jina la Bosi. Tangu mazishi, mama mtu alikuwa akijiambia ataligeuza kesho, na kesho hiyo ikawa mwaka na zaidi. Wenzake waliliona, wakanyamaza. Nani angethubutu kumgusa hapo?

Ndipo Daktari, mama mwenye kliniki, alipoamua kuachana na makaratasi. Zikaletwa programu mbili za kuendeshea kliniki, zijaribiwe kwanza. "Utakayoikubali wewe ndiyo nitakayoinunua," alimwambia Mama Mafaili. "Mimi nitaitupia jicho tu. Wewe ndiye utakayeshinda nayo kutwa."

Ya kwanza haikuwa na makuu, ila ilikuwa na uvivu wa kutisha. Ukibonyeza, unakunywa chai yote na bado inafikiri. Ya pili ililetwa na muuzaji mwenye tai, mdomo haumtulii, lakini programu yake ilimwingia Mama Mafaili moyoni. Siku ya miadi ilimtumia mgonjwa ujumbe kwenye simu kumkumbusha. Yeye aliwajua wagonjwa wanaokuja mwezi huu, wanapotea, halafu wanarudi wakiwa wamebebwa. "Hii ina utu," alisema, na muuzaji akachekelea kana kwamba utu ule aliutia yeye.

Ili ijaribiwe sawasawa, ilitaka wagonjwa wa kweli. Mama Mafaili akawaingiza mwenyewe, rafu kwa rafu, wote ambao mafaili yao yalitazama mbele. Yaliyogeuzwa aliyapita. Alipofika kwa Bosi, vidole havikusita. Aliandika jina, ugonjwa, kliniki ya kila mwezi, na namba ya simu ya baba, kwa kuwa mama alikuwa hapohapo kazini siku zote. Mahali palipoandikwa Hali, programu ilikuwa imeshajijazia yenyewe: Hai. Akapaacha hivyohivyo. Roho yake ilitulia kidogo, na tusimlaumu.

Siku ya kliniki ya selimundu ilipofika, mabenchi yalijaa. Hata waliokuwa wamepotea walirudi, na Daktari alikuwa akipita huku na huko kwa furaha. Katikati ya pilikapilika hizo akaingia mume wa Mama Mafaili. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, na hakuwa amekanyaga pale tangu siku walipouchukua mwili. Alivaa ovaroli lake la kazi, limejaa vitundu vya cheche, na mkononi alishika kadi ya kliniki ya mtoto. Akaketi kwenye benchi, palepale alipozoea, akaacha nafasi pembeni yake.

"Baba Bosi, kuna nini?" Mama Mafaili alimuuliza. "Umeungua?"

"Nimeitwa."

Akampa simu. Ujumbe ulimtaja mtoto kwa majina yake yote matatu, ukasema kliniki yake ni leo, tafadhali asikose.

Mama Mafaili alimrudishia simu. Akaketi kwenye ile nafasi.

"Mume wangu, nisamehe. Ni mashine tu hiyo."

"Najua ni mashine, sijarukwa na akili." Aliitazama ile kadi. "Lakini nilipokumbuka kuwa hayupo, nilikuwa nimeshafunga karakana."

Akalia, mtu mzima yule, mbele ya watoto na mama zao, wala hakujificha uso. Mkewe naye hakuona sababu ya kujikaza tena.

Daktari alipoambiwa alikuja akachuchumaa mbele yao. "Leo hii namrudishia muuzaji programu yake," alisema. "Tutachukua ile nyingine. Ile haimtumii mtu ujumbe."

Mama Mafaili aliangaza macho kwenye mabenchi. Mbele yake alikuwapo mama mmoja aliyekuwa amepotea miezi, amempakata mwanawe, macho ya mtoto yamekuwa ya manjano. Ujumbe ndio uliomleta.

"Usiirudishe, Daktari. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwandika yu hai. Nunua hiyohiyo."

Akainuka akarekebishe. Mumewe akamshika mkono.

"Ukibadilisha, hawatatuita tena?"

"Hawatatuita tena."

"Basi ngoja. Miadi yake ni leo. Acha leo iishe."

Mama Mafaili akarudi kazini. Aliwaita wagonjwa mmoja mmoja kwa sauti iliyokwaruza, na siku hiyo hakumtania mtu. Mumewe alibaki benchini na kadi yake. Wale mama walibanana na watoto wao upande wa pili, asikae mtu kwenye ile nafasi.

Jioni, mabenchi yalipokuwa matupu, waliingia wote wawili chumba cha nyuma. Mama Mafaili alimfungua Bosi kwenye kompyuta, akachagua: Amefariki. Programu ikauliza kama ana uhakika. Alikaa na kipanya mkononi, asiweze. Mumewe akauweka mkono wake juu ya ule wa mkewe, wakabonyeza pamoja.

Kisha Mama Mafaili akalitoa faili kwenye rafu. Mumewe akaitia kadi ndani, naye akalirudisha mahali pake, jina likaelekea ukutani.