Friji ya Arlene Imejificha

Nyie mnaokarabati nyumba za wazazi wenu mnaniudhi. Arlene Hoekstra anaishi Michigan, Marekani, kwenye nyumba ya vioo na paa bapa aliyohamia akiwa bibi harusi mwaka 1962. Mwanawe Dirk akaikarabati. Bustani ikanyolewa kama bwana harusi, na friji ikafichwa nyuma ya mbao, haina kishikio, hufunguka kwa kusukumwa, inafanana na makabati yote kumi na mawili ya jikoni.

Jumapili baada ya kanisa, wageni wakiwa mezani, Arlene alifungua makabati matano akitafuta friji yenye saladi yake ya jeli, ile tamu ya matunda yaliyogandishwa. Dirk akamvuta pembeni.

"Mama, umeanza kusahau. Inabidi tukutafutie nafasi kwenye nyumba ya wazee."

"Sawa, mwanangu. Ila nitolee jeli kwanza, niondoke nimeshiba."

Dirk akasukuma mlango kwa madaha. Ufagio ukamwangukia. Akasukuma wa pili, akakuta sufuria.

"Basi tutaenda wote," Arlene akasema. "Kitanda cha dirishani changu."

Dirk hakuitaja tena nyumba ya wazee. Na wewe, kabla hujampeleka mama yako kupimwa akili, tafadhali tia kishikio kwenye friji.