Mgeni Rasmi wa Kirumba

Jamani, njooni tucheke wote, maana aibu hii siiwezi peke yangu. Tangu kiwanda kilipotupunguza, nilikuwa nabisha hodi kila ofisi nikiuliza msaada unapatikana wapi. Kumbe uko hapahapa Kirumba! Mtendaji wa kata akaniambia Bibi Maendeleo mpya, anayetafutia vikundi vya kina mama cherehani za serikali, atakitembelea kikundi changu Jumamosi. Nilirudi nyumbani mbio kama mtoto.

Jumamosi tukavaa khanga za sare, samaki aina ya sato wakajaa jikoni. Mara gari jeupe likasimama, akashuka mama mwenye miwani na mkoba. Ndiye huyo! Vigelegele vikapasua mtaa. Nikamvisha khanga, nikamkalisha kwenye kochi nililoazima kwa jirani, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Kila alipofungua mdomo, sisi tulizidisha wimbo.

Katikati ya shangwe akaingia dada mmoja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Nimekuja kwenye kikundi," akasema.

Mwanachama mpya, nikawaza, na bado anachelewa! Nikampa kisu. "Wenzio wako jikoni, kasaidie kupara samaki."

Hatimaye nikamkaribisha mgeni rasmi atoe neno.

"Asanteni sana," alisema, akiishika khanga yake. "Mimi niliteremka kuuliza njia ya Igoma."

Ndipo yule dada akatokea jikoni, magamba mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mwenyekiti," akaniambia. "Mimi ndiye Bibi Maendeleo. Kisu nimrudishie nani?"