Ngazi Kumi na Mbili za Mama Mvuke

Wateja bado hawajafika, na Mama Mvuke anaingia kila chumba mwenyewe, miguu peku, kipimajoto mkononi. Chumba cha mvuke, nyuzi arobaini na tano. Sauna kavu yenye mawe na mabenchi ya mbao, themanini. Ile ya taa, inayopasha mwili polepole, hamsini.

"Mpishi haonji?" anauliza huku jasho likimtiririka.

Ana miaka kumi na minne katika kazi hii ya kumwelekeza mteja chumba cha joto kinachomfaa. Vyumba viko ghorofani. Lifti ipo, lakini kwake lifti ni ya taulo. Mteja hupanda ngazi kumi na mbili, naye husimama juu akimsikiliza anavyohema. Ndipo anatamka. Mafua yamekubana? Mvuke. Misuli imechoka na mazoezi? Kavu, dakika kumi, usijitie ushujaa. Joto kali hulipendi? Taa.

Ngazi hizo zina kisa. Mwaka wake wa kwanza alimpeleka kaka yake sauna kavu bila kumuuliza neno. Kaka akazimia.

"Alipona, lakini hajakanyaga hapa tena. Tangu siku ile sitaki mchezo."

Mwezi uliopita meneja mpya alibandika ubao wa kuchagulia chumba, akafungulia watu lifti. "Mteja ni mfalme, dada. Mwache achague."

Kocha mmoja wa mpira akachagua sauna kavu. Mama Mvuke akamwomba apande ngazi kwanza. Alifika juu midomo imempauka.

"Keti, baba. Leo huingii popote. Nenda kapimwe."

"Nimecheza mpira miaka ishirini, utaniambia nini?"

"Mficha maradhi kilio humfichua."

Kocha aliondoka akifoka. Jioni Mama Mvuke akapewa barua ya onyo la mwisho, na nyumbani watoto watatu wanamtegemea yeye tu.

"Nililia. Lakini ningemfungulia mlango, ningelia zaidi."

Wiki mbili baadaye kocha alirudi. Hospitali walimkuta na presha ya kutisha. Hakuutazama ubao, alimshika meneja mkono. "Twende tupande wote."

Meneja alifika juu akihema kuliko mgonjwa. Barua ikachanwa palepale, na lifti ikarudishiwa taulo zake.

Kuna habari moja inayomfurahisha Mama Mvuke kuliko kuchanwa kwa barua. Kaka yake amekubali kuja Jumamosi.

"Atapanda taratibu, nami nitakuwa juu namsubiri," anasema. "Safari hii nitamuuliza kwanza."