Koti Juu ya Kabaidi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja mjini Meru, mvua ilitukuta na pipa la kabaidi lililofunguliwa. Mzee Abdalla, fundi wetu mkuu, alivua koti lake akalifunika pipa, yeye mwenyewe akabaki akilowa. Nilicheka. Mimi ni Mwembu wa Kanja, nilikuwa nimetoka shambani juzi tu, na sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akivisha mawe nguo.

"Cheka tu, Nyaga," aliniambia. "Hii mawe ikinywa maji kabla ya wakati, utalia."

Nyinyi mnaochomelea kwa umeme hamkuyajua mawe hayo. Huko ng'ambo waliunguza chokaa pamoja na makaa ya mawe katika tanuri la umeme lenye joto la kutisha, wakapata jiwe la kijivu, nalo likatujia katika mapipa yaliyozibwa. Sisi tulilitia kwenye tangi na kulidondoshea maji kidogo kidogo, likatoa gesi ya asetilini, yenye harufu kama ya kitunguu saumu. Gesi hiyo ikichanganywa na oksijeni iliyeyusha chuma. Uji mweupe uliobaki tangini ulikuwa chokaa, nasi tuliupaka kuta. Mji mzima haukuwa na gereji nyeupe kama yetu. Niliipenda kazi ile kupita kiasi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau. Sisi Waembu, kama Wameru na Wakikuyu, hatukusafiri bila pasi yenye mhuri, na aliyekamatwa bila pasi angeweza kupotelea kizuizini. Siku moja, katikati ya mavuno, mashine ya kuvunia ngano ilikatika shafti katika shamba moja la Timau. Mzee Abdalla alinitafutia pasi, akanipandisha nyuma ya lori la shamba pamoja na tangi, mtungi wa oksijeni na debe la kabaidi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu.

Njiani mvua ikaanza, na kifuniko cha debe kilikuwa kimelegea. Bila kufikiri nilivua koti, nikalifunika debe barabara, nikajisifu moyoni. Tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani, sajini akataka pasi. Ilikuwa mfukoni mwa koti.

Niliitoa imelowa chapachapa, wino wote umetiririka.

"Hii karatasi haisemi kitu," sajini alisema. "Wewe ni nani?"

"Afande, mimi ni fundi. Hiyo debe ni kabaidi ya kazi."

"Fundi gani analowesha pasi, anafunika debe?"

Dereva, ambaye pasi yake ilikuwa kavu, aliruhusiwa kwenda na vifaa. Mimi nilitiwa seli. Siku tatu nilitetemeka kwa baridi ya Timau na kwa hofu, maana nilijua watu waliochukuliwa kwa kosa dogo kuliko langu, na kwao hawajaonekana tena. Nilijichukia sana.

Siku ya nne asubuhi nilisikia sauti ya Mzee Abdalla. Alikuwa amekuja kuiunga ile shafti mwenyewe, kisha akamwomba meneja wa shamba aandike barua ya kunitambua. Sajini aliisoma mara mbili, akanifungulia.

"Nisamehe, Mzee. Nimekuaibisha."

"Kabaidi nimeikuta kavu," alisema. "Hata unga wake haujashikana."

Nje mvua ilikuwa bado inanyesha. Akavua koti lake, akanivisha, akanifunga vifungo kimoja kimoja.

"Leo tunafunika fundi."

Nililia mbele ya askari wote, wala sikuona haya.

Baadaye nami nilikuwa fundi mkuu, hadi nilipostaafu. Mzee Abdalla alifariki zamani, na namkumbuka mpaka leo. Pipa langu la mwisho la kabaidi liko hapa Kanja, linakinga maji ya mvua, ng'ombe wanywe. Najua angelikemea jambo hilo. Mvua ikianza ghafla, mkono wangu huenda wenyewe kwenye vifungo vya koti. Mke wangu akiona hunicheka. Simlaumu. Hata mimi nilicheka, siku ile ya kwanza.