Mahujaji wa Kona ya Shambani Kwetu

Mume wangu aliwahi kubishana na haji juu ya hija. Ilikuwa Mbinga mjini, kwenye banda la video, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye jenereta akajiona ana sinema. Mwenye banda alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na kwa kuwa alikuwa amefika Makka, wote tulimwita Alhaji. Mchana aliuza vitenge na sabuni. Jioni aliwasha deki, na mume wangu, dereva wa mnunuzi mmoja wa kahawa, alilipa kiingilio kuangalia kanda ileile ya mashindano ya magari, kanda aliyoijua mpaka gari lipi litapinduka na wapi.

Siku hiyo nilikuwepo. Nilikuwa nimeshuka mjini kununua chumvi na nilimngoja anirudishe nyumbani. Wanaume walikuwa wanabishana: kama mtu angejaliwa nauli ya kwenda kuona uwanja mmoja tu wa mbio za magari kabla hajafa, aende upi? Mmoja alishikilia Monza, akasema huko magari yanakimbia mpaka masikio yanauma. Mwingine alisema Monako, maana huko yanapita katikati ya mji na watu wanayaangalia kutoka barazani, tena kando ya maji. Mume wangu aliwaacha wamalize. Halafu akasema hija ya kweli ni ule uwanja wa msituni, Ujerumani, wa milimani, wenye kona nyingi na ukungu kama wa kwetu.

"Hija ni moja, bwana," Alhaji alisema kutoka mlangoni. "Usiichezee."

"Samahani, Alhaji. Lakini hao watu wanatoka mbali, wanalala nje, wanavumilia baridi. Wewe utaiita nini?"

"Nitaiita safari ya wasio na kazi."

Banda zima liliangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu Alhaji alikuwa amenisemea.

Habari za uwanja huo wa msituni mume wangu alizipata kwa padri mmoja Mzungu wa misheni ya Litembo, ambaye alizaliwa kijiji cha jirani nao. Siku moja baada ya misa nilimwuliza padri mwenyewe: hao watu wanaolala kwenye mahema wasubiri gari lipite kufumba na kufumbua, hasa wanasubiri nini? Alifikiri kidogo. Akasema alipokuwa mtoto kila familia ilikuwa na kona yake, na baba yake alipenda kuwapeleka kwenye kona ambako dereva alikuwa amefia. Alivyolisema hilo nikaona kama analionea aibu, akageuza mazungumzo akaniuliza habari za maharage.

Tangu siku hiyo nilikuwa na jibu langu la ule ubishi, ingawa hakuna aliyenitaka nilitoe. Mashabiki watakutajia kasi, watakutajia mabingwa. Lakini uwanja unaowavuta kuliko vyote ni ule uliokwisha kuua, nao wanadhani utaua tena. Niliogopa, kwa sababu na sisi tulikuwa na kona yetu.

Nieleze. Zamani kahawa yote ilikwenda kwenye chama cha ushirika, taratibu, hakuna wa kumkimbiza mwenzake. Biashara ilipofunguliwa wakaja wanunuzi binafsi, na aliyetangulia kufika kijijini ndiye aliyepata kahawa nzuri. Basi madereva wao wakawa wanakimbizana kwa pikapu, alfajiri kwenda vijijini na mchana kurudi mjini na mizigo. Kwenye njia ya kutoka kijiji cha Kitura kulikuwa na kona moja mbaya, imekunjana kama kiwiko, juu yake mlima na chini yake korongo. Shamba la juu ya kona lilikuwa la kwetu. Mume wangu aliipita kona ile kama alivyoona kwenye kanda, mkia wa gari ukiteleza na vumbi likipaa, na wala hakugusa breki mpaka mwisho. Watu wakaanza kuja kumwangalia. Wa kwanza walikuwa majirani. Kisha wakaja wa Litembo, kisha watu wenye baiskeli kutoka mjini, wamebeba mahindi ya kuchemsha na redio. Kila Jumamosi ya msimu wa kahawa walijaa pale juu, wakingoja.

Mimi sikwenda hata siku moja. Nilimwambia waziwazi: "Sitakuja kukuangalia ukijiua."

"Ukija siku moja tu," alisema, "nitaipita kona ile kwa mkono mmoja."

Kilichoniuma zaidi ni shamba. Mimi ni Mnyasa, nimezaliwa Mbaha, kando ya ziwa, na nilipoolewa huku mlimani kwa Wamatengo sikujua lolote kuhusu ngoro. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa mistari inayokatana, miraba miraba, mteremko mzima. Kisha mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, mpaka shamba linakuwa mashimo matupu yenye kingo. Juu ya kingo unapanda maharage na baadaye mahindi. Mvua ikinyesha, kila shimo linabaki na maji yake, na mlima unakaa mahali pake. Mwaka wa kwanza mikono yangu ilivimba nikamtukana kila mtu kimoyomoyo. Mwaka wa pili nilisimama chini barabarani nikaliangalia shamba letu, nikaringa.

Mwezi wa saba tulivuna maharage. Wiki iliyofuata nilikwenda Mbaha kumwona mama yangu aliyekuwa na homa. Niliporudi nilikuta mume wangu na rafiki zake wamesawazisha ngoro zote za juu ya kona. Walikuwa wamefukia mashimo, wakashindilia udongo, wakapanga magogo ya kukalia. Alikuwa ameona kwenye kanda jinsi watu wanavyokaa mteremkoni juu ya njia, na akataka wageni wake wakae vizuri.

"Wanatoka mbali," aliniambia, uso umechangamka. "Wanakaa kwenye mashimo, wanavunjika miguu. Mwezi wa kumi na mbili tutachimba upya kabla ya mahindi."

"Tutachimba? Wewe na nani?"

Alicheka. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na bado yakawa hayatoshi.

Mama mkwe alikwenda shambani peke yake, akatembea juu ya ule udongo ulioshindiliwa, akarudi akakaa jikoni. Jioni mwanawe alipoingia akamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakujibu. Kesho yake tena, shikamoo, na tena kimya. Mtu ambaye hajakaa kwetu hawezi kujua ule ni uzito gani. Mama anaweza kukupiga, anaweza kukufukuza, lakini marahaba ni haki ya mtoto. Mume wangu alijitia hamnazo, akasema mama amezeeka masikio. Lakini nilimwona alivyokuwa anasimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia.

Mwezi wa kumi ikashuka mvua moja ya kupotea, fupi tu. Nilitoka nikaenda kwenye kona. Maji mekundu yalikuwa yanateremka kutoka kwenye magogo ya wageni, yote kwa pamoja, yanavuka barabara na kutumbukia korongoni. Kwenye ukingo wa nje wa kona, pale magurudumu ya mume wangu yanapopita, udongo ulikuwa umepasuka. Niliingiza mkono kwenye ule ufa, ukazama mpaka kifundoni.

Nilimpeleka akaone. Alichuchumaa, akautazama ule ufa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikuona utani machoni mwake. Nikadhani nimemshinda. Lakini rafiki zake walikuja na mawe, wakaujaza, wakamwaga kifusi juu, na ulipofunikwa na yeye akasahau. "Kwenye kanda wanakimbia hata mvua ikinyesha," alisema. "Na mvua ndiyo watu wanaipenda." Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Wingu likionekana tu, wageni walizidi.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba kona ile itamla baba wa watoto wangu, na hofu hiyo nilikuwa nikiipika, nikiipakua na kula nayo. Nilimwomba aache kazi. Akasema msimu unakwisha, bado mzigo wa mwisho wa Kitura tu.

Mzigo wa mwisho ulikuwa Jumamosi, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni ya jana yake bila kukatika. Asubuhi, yeye akiwa ameshakwenda Kitura, watu walikuwa wamejaa kwenye magogo, wengine wamejifunika nailoni, wengine majani ya migomba, na nyuso zao zote zimeelekea upande mmoja. Sijawahi kuona umati umetulia vile. Nilipita chini yao nikaenda kwenye ukingo. Mawe ya rafiki zake yalikuwa yameshaondoka na maji. Chini ya barabara palikuwa patupu kabisa, nilichungulia nikaona mizizi inaning'inia. Juu, barabara ilionekana nzima. Dereva asingejua.

Niliwapigia kelele waje tuweke magogo katikati ya njia. Mzee mmoja akateremka kunisaidia. Wengine walisema subiri kidogo, ngoja tuone, hata gari lenyewe halijasikika. Mara likasikika. Yalikuwa magari mawili, moja nyuma ya jingine, yanatoka juu kwa kasi.

Nikaacha magogo nikakimbia kupanda barabara, nikutane naye kabla ya kona. Viatu vilibaki kwenye tope. Nilifungua kanga yangu kiunoni nikaishika juu kwa mikono miwili, nikawa naipunga na kupiga ukelele kwa nguvu zangu zote. Pikapu ikatokea. Niliona uso wake nyuma ya kioo, nikaona anaponitambua.

Akacheka. Alifurahi, nakwambia, uso wote ulifunguka. Huku kwetu mwanamke akifurahi, iwe harusi au komunio ya kwanza, anapunga kanga na kupiga kigelegele, na kwenye ile mvua na ngurumo ya injini hakusikia sauti yangu ni ya namna gani. Mkewe, aliyekataa miaka yote, alikuwa amekuja kumshangilia. Akapiga honi mara nyingi, akatoa mkono mmoja dirishani akanipungia, akaongeza mwendo. Akanipita hivyo, akiendesha kwa mkono mmoja kama alivyoniahidi.

Sikuona barabara ikikatika kwa sababu sikugeuka. Nilisikia watu waliokuwa kwenye magogo wakisema "Aaa!" kwa pamoja, na mpaka leo sijui ilikuwa sauti ya woga au ya watu waliopata walichokijia. Gari la nyuma lilifunga breki, likasimama karibu na miguu yangu.

Tulimtoa korongoni katikati ya magunia ya kahawa yaliyopasuka, tukambeba kwa machela mpaka hospitali ya Litembo. Hakuzinduka upesi. Habari zilizoshuka mjini zilisema amekufa, na hakuna aliyehangaika kuzisahihisha. Alipofumbua macho mama yake alikuwa kando ya kitanda. "Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha akarudia tena na tena, marahaba, marahaba, akilia, kama anayelipia zile zote alizomnyima.

Kisha mume wangu akanitafuta kwa macho. "Nilikuona," alisema. "Ulikuja." Nilifungua kinywa. Kijiji kizima kinanijua kwa mdomo, lakini siku ile niliishia kumfuta jasho.

Alitoka na mguu usiokunjika na nywele zimeingia mvi. Hakuendesha tena. Mwezi wa tatu tukachimba ngoro upya juu ya kona. Alifyeka nyasi akiwa amekaa, akajiburuta akizilaza miraba miraba, na mimi nikamfuata nyuma na jembe. Barabara ilikuwa imeshatengenezwa kwa kuchimbwa ndani zaidi ya mlima, na wageni walikuwa wanakuja kuliko zamani, hata pasipokuwa na gari la kuangalia. Walisimama tu, wakachungulia korongo.

Siku moja wakaja vijana watatu na baiskeli kutoka mjini. Mmoja akapanda hadi tulipokuwa.

"Shikamoo, mzee. Eti hapa ndipo alipofia yule dereva?"

Mume wangu aliweka nyasi chini. Nilidhani atacheka, nilidhani atasema mimi hapa.

"Ni hapa hapa," alisema. Akanyoosha mkono kuelekea juu ya barabara. "Na mkewe alikuwa amesimama pale. Alikuwa hajawahi kuja kumwangalia, lakini siku ile alikuja. Alimpungia kanga."

"Basi alikufa na furaha," yule kijana akasema.

"Sana."

Vijana wakaenda kusimama pale alipowaonyesha. Mume wangu akachukua nyasi nyingine, akazilaza kwenye mstari wake, akasogea kunipisha. Nikazifukia.