Kilo Hamsini na Nane za Ziada

Glenys Pascoe alipikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja, na siku zote hizo hakuwahi kulala nje ya mji wao wa ngano zaidi ya siku tatu. Alipostaafu alimwahidi mumewe, Rex, safari moja: Agosti wangekokota karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, hadi Ghuba Kuu kusini mwa Australia, Rex akawaone nyangumi na ndama wao. Macho ya Rex yalikuwa yanafifia kuanzia katikati. Daktari alisema yangedumu hadi mwisho wa mwaka, na Glenys akalishika neno hilo kwa mikono miwili.

Karavani waliinunua kwa mzee Kerslake wa mji wa pili. Mkewe, Una, alikuwa ameipanga safari yao ya kwanza mwaka mzima, akafa wiki moja kabla ya kuondoka. Karavani haikuwahi kutoka uani. "Shuka mpya zimo, chukueni tu," alisema mzee, na mlangoni hakukaribia.

Glenys akaiegesha kando ya nyumba, akaisawazisha kwa pimamaji, maana friji ya gesi haipoi sakafu ikiinama. Asubuhi akakuta imelalia upande wa kitanda. Akaisawazisha tena. Siku tatu mfululizo ikawa hivyo hivyo.

"Ardhi inadidimia," alisema Rex.

"Kwa ukame huu? Inadidimia wapi, mpenzi?"

Akaingia kupapasa godoro. Upande wa dirishani lilikuwa limebonyea, tena lina joto, na jua lilikuwa halijafika upande ule. Glenys alitoka mbio na kandambili moja.

Kule kwao hakuna anayeanza safari ya kwanza kabla ya kupima karavani kwenye mizani ya maghala ya ngano: kwanza tupu, kisha na mizigo. Darryl wa mizani akatazama namba, akacheka.

"Mama Pascoe, umemficha nani humo? Imezidi uzito wake wa kiwandani kwa kilo hamsini na nane. Na kubeba mtu ndani ni marufuku, unajua."

"Ni tupu, Darryl. Hata maji sijatia."

Darryl akapanda, akafungua kila kabati, akachungulia chini ya kitanda. Akapima tena. Hamsini na nane. Safari hii hakucheka.

Glenys aliogopa, tena sana. Lakini akipakia kama alivyopanga, uzito ungepita kipimo cha sheria, na kutafuta karavani nyingine kungekula miezi ambayo macho ya Rex hayakuwa nayo. Basi akafuta vyake kwenye orodha ya mizigo: jiko la kuchomea nyama, hema la mbele, cherehani, viti vinne. Alipomaliza akasimama mlangoni mwa karavani, mikono kiunoni kama siku za jikoni shuleni.

"Sikia, Una. Nimekupisha. Ila tukifika kwenye nyangumi, dirishani anakaa Rex. Tumeelewana?"

Godoro likalia kidogo, basi.

Juni ilipoanza akarudi mizanini na mizigo. Darryl akainua dole gumba: uzito ulikuwa sawasawa. Rex, aliyekuwa amesimama pembeni, akaingia garini polepole.

"Yule mama wa dirishani ni rafiki yako? Kanipungia mkono."

Glenys akamgeukia. "Unamwona?"

"Pembeni mwa jicho. Nikimtazama usoni anapotea." Rex akaivua kofia yake, akawa anaikunja na kuikunjua. "Na wewe pia, Glen. Tangu Jumapili sijaiona sura yako. Sikutaka uharibikiwe na mipango."

Glenys alilia pale pale, usukani mikononi, bila kujificha. Aliumia kwamba mumewe alikaa na jambo hilo peke yake siku zote hizo.

"Pembeni bado unaona?"

"Pembeni tu."

"Nyangumi ni mkubwa, mpenzi. Pembeni atatosha."

"Agosti?"

"Wameshaanza kufika. Funga mkanda."

Nyumbani ilikuwa kulia. Glenys akakata kushoto, barabara ya magharibi. Gari lilipoanza kushika kasi akatazama kioo cha pembeni na kugundua kwamba dirisha la karavani, lile la kitandani, alikuwa amelisahau wazi. Kabla hajakanyaga breki, likavutwa kutoka ndani, taratibu, na kitasa kikageuzwa.